Jinsi ya Kuvuta Ndege wa Porini Uani Kwako Wakati wa Baridi Kali: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Minnesota na Majimbo Jirani

Mwezi wa Desemba, Minneapolis, jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni na halichomozi mpaka saa mbili kasoro robo asubuhi. Huo ni usiku wa saa kumi na tano, na kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, mara nyingine zaidi. Huko nje, kwenye tundu la mti, kuna ndege mwenye uzito wa gramu 11 au 12 aitwaye chikadii mwenye kofia nyeusi. Hahamii kusini, wala halali miezi mizima kama dubu. Mafuta aliyojiwekea mwilini mchana ule ndiyo yatakayomvusha. Usiku wa baridi kali hushusha joto la mwili wake nyuzi kumi au zaidi ili mafuta hayo yasiishe kabla ya alfajiri, na kukipambazuka anatoka akiwa amekwisha kabisa, anatafuta cha kutia kinywani.

Ukiuelewa usiku huo, mambo mengine yote ya kuvuta ndege yanajipanga yenyewe: chakula gani, kiwekwe wapi, saa ngapi, na kwa nini maji. Watu wengi huanza kwa kununua kijumba kizuri cha kulishia chenye paa la rangi, wakakijaza mbegu za bei nafuu, wakakitundika popote penye msumari, kisha wakalalamika kwamba ndege hawaji. Ndege hawana shida na rangi ya paa. Wanataka mafuta, maji yasiyoganda, na mahali pa kujificha palipo karibu.

Wataalamu wawili wa Wisconsin, Margaret Brittingham na Stanley Temple, walichapisha mwaka 1988 utafiti wao juu ya chikadii. Walioishi karibu na vilishio, asilimia 69 walimaliza majira ya baridi wakiwa hai. Wasio na vilishio, asilimia 37. Tofauti hiyo ilitokana hasa na siku za baridi kali kupita kiasi. Kwa hiyo kazi hii si mapambo ya uani tu.

Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kununua chochote

Simama ndani ya nyumba, kwenye dirisha ambalo kweli huwa unakaa karibu nalo. Kwa familia nyingi ni dirisha la jikoni. Kilishio usichokiona hutakijaza, na utakisahau kabla ya Januari.

Kisha tazama mambo matatu. La kwanza ni upepo. Majira ya baridi upepo mkali hapa hutoka kaskazini-magharibi, hivyo upande wa kusini au mashariki wa nyumba ndio wenye afueni, na ndio unaopata jua la asubuhi. La pili ni kichaka. Ndege mdogo hatui mahali peupe asipoona pa kukimbilia. Umbali wa kama mita tatu kutoka kwenye msonobari, mwerezi au kichaka kizito unafaa: karibu kiasi cha kuruka mara moja akafika, lakini si karibu kiasi cha paka kujibanza chini yake na kuchupa. La tatu ni kioo. Weka kilishio ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ama mbali, zaidi ya mita tisa. Akiwa karibu sana, hata akishtuka na kuligonga hana mwendo wa kumuua. Umbali wa katikati ndio mbaya kuliko yote.

Na jambo la nne ambalo halimo kwenye vitabu vingi: njia yako mwenyewe. Theluji ikifika magotini, utafika hapo na ndoo ya mbegu mkononi? Kama huna nia ya kupiga koleo mpaka mwisho wa ua, sogeza kilishio karibu na mlango.

Anza Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kabla ardhi haijaganda, kwa sababu nguzo ya chuma haiingii kwenye udongo ulioganda hata ukipiga nyundo mpaka uchoke. Ukichelewa, simamisha nguzo kwenye ndoo kubwa iliyojaa zege au mchanga, au nunua mkono wa chuma unaobanwa kwenye ukingo wa baraza.

Unaishi ghorofani kwenye nyumba ya kupanga? Soma mkataba kwanza. Majengo mengi yanakataza vilishio kwa sababu ya panya na uchafu wa maganda kwa jirani wa chini. Wakikuruhusu, kuna vilishio vya plastiki angavu vinavyonata kwenye kioo kwa vikombe vya mpira. Safisha kioo, chovya vile vikombe kwenye maji ya moto mpaka vilainike, kisha bandika siku isiyo ya baridi sana. Ukibandika nyuzi zikiwa 20 chini ya sifuri utakikuta kimeanguka kesho yake.

Hatua ya 2: Pata chakula sahihi

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tusiharakishe.

Ukiwa na fedha ya aina moja tu ya chakula, nunua alizeti nyeusi ya mafuta. Ni ile mbegu ndogo nyeusi tii, ganda laini, isiyo na mistari. Ile yenye mistari ni ya watu kutafuna, ina ganda gumu, na ndege wadogo inawasumbua. Alizeti nyeusi huliwa na karibu kila ndege anayekaa Minnesota majira ya baridi: chikadii, kadinali, chiriku, nathachi (yule anayeshuka mti kichwa chini), kigong'ota, jei wa buluu. Aliyetoka Singida ataishika mkononi na kuitambua mara moja, ingawa asili ya zao hili ni huku huku Amerika ya Kaskazini, na hadi leo majimbo jirani ya North Dakota na South Dakota ndiyo yanayolima zaidi nchini Marekani. Mfuko mkubwa wa kilo 18 kutoka duka la vifaa vya kilimo huwa nafuu kwa kilo kuliko vifuko vidogo vya dukani mjini.

Alizeti iliyomenywa ni ghali zaidi, lakini haiachi maganda. Kwa anayeishi ghorofani, hiyo pekee ndiyo ninayoweza kumshauri. Maganda yakirundikana ardhini huzuia nyasi kuota na hukaribisha panya.

Safari ya kinyume imefanywa na nyjer. Hiyo ni mbegu nyembamba nyeusi, ndogo kama sindano iliyokatwa, na asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Wenzetu Waethiopia wanaiita nuug na wanaikamulia mafuta ya kupikia. Huku inaingizwa ikiwa imepitishwa kwenye joto ili isiote, na mlaji wake mkuu ni chiriku wa manjano wa Marekani. Ukimwona Januari hutamwita wa manjano: amevaa rangi ya vumbi na zeituni, anangoja majira ya kuchipua abadili. Nyjer hukauka na kuchacha upesi, na chiriku akiona imechacha haigusi. Nunua kidogo kidogo, na itie kwenye kilishio chake chenye matundu membamba au mfuko wa wavu.

Sasa mchanganyiko wa bei rahisi. Mifuko mingi ya dukani iliyoandikwa kuwa ni ya ndege wa porini imejazwa punje nyekundu za duara. Zitazame vizuri: ni mtama. Mtoto wa Dodoma aliyeshinda juu ya kichanja shambani akifukuza kwelea kwelea wasimalize mtama wa baba yake atashangaa kuona ndege wa Minnesota wakiutoa kwa mdomo mmoja mmoja na kuutupa chini kama taka. Lakini ndivyo ilivyo. Ndege wengi wa huku hawautaki, wanaufukua wakitafuta alizeti, na ule unaoanguka unakuwa karamu ya panya. Mchanganyiko wa aina hiyo ni hasara hata kama bei yake ni nusu.

Punje ndogo nyeupe za mileti, zinazofanana na uwele, ni jambo jingine. Hizo hupendwa na ndege walao chini, hasa junko (ndege mdogo wa kijivu) na hua. Nyunyiza kiasi cha konzi mbili kwenye theluji uliyoikanyaga ikashikana, au kwenye sinia la chini.

Mbegu nyeupe za kartamu (kwa Kiingereza safflower) ni chungu kwa kindi wengi na kwezi hawazipendi, lakini kadinali anazila vizuri. Kama uani kwako kumevamiwa, badilisha alizeti kwa kartamu kwa muda wa wiki chache uone.

Karanga zitolewe bila chumvi. Zikaange au uzitoe mbichi, mradi ziwe kavu. Tahadhari ni ile ile tunayoijua nyumbani Afrika Mashariki: sumukuvu. Karanga iliyolowa theluji, ikayeyuka, ikaota ukungu, inaua ndege kama inavyodhuru binadamu. Toa kidogo, zikilowa tupa.

Kisha shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe, hasa yale yanayozunguka figo. Hakuna chakula chenye nguvu nyingi kuliko hicho katika baridi. Vipande vilivyotengenezwa tayari vinauzwa, lakini kutengeneza mwenyewe ni rahisi na muuza nyama wako wa halali huenda akakupa mafuta hayo kwa bei ya kutupa:

Kata shahamu vipande vidogo sana, au mwambie muuza nyama aisage. Iyeyushe kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo kabisa. Usiiache ikaanza kutoa moshi. Harufu yake hushika mapazia, kwa hiyo funga milango ya vyumba vingine kabla hujaanza. Ikisha kuyeyuka, chuja kwa kitambaa upate mafuta safi, makapi tupa. Iache igande, kisha iyeyushe mara ya pili. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayofanya kipande kishikane kikawa kigumu. Ikianza kupoa na kuwa nzito, koroga ndani karanga zilizopondwa, alizeti iliyomenywa au mahindi yaliyobarazwa, mimina kwenye boksi tupu la maziwa au chombo bapa, weka kwenye friza. Usitie chumvi, sukari wala viungo (isipokuwa pilipili ya kuzuia kindi, tazama Hatua ya 7), na usitumie mafuta yaliyokwisha kukaanga kitu.

Shahamu ni ya miezi ya baridi tu. Joto likipanda Aprili, inayeyuka, inachacha, na kupaka manyoya ya ndege mafuta.

Na makombo ya mezani? Mkate unashibisha bila kutia nguvu. Ugali uliolala, wali na vipande vya chapati vitavuta rakuni, panya na kwezi kabla ya ndege unaowatafuta. Viachie pipa la mboji.

Hatua ya 3: Vilishio

Kwa anayeanza, viwili vinatosha: kilishio cha bomba kwa alizeti na kizimba cha waya kwa shahamu. Bomba liwe na matundu ya chuma na vituo, yaani vijiti vya ndege kutua, vya chuma pia, maana kindi hutafuna plastiki ndani ya siku moja. Usihofu kwamba miguu ya ndege itaganda kwenye chuma. Miguu yao ni mikavu, ina magamba, haitoi jasho.

Kadinali ni mnene kidogo na hapendi kujipinda kwenye kituo chembamba. Yeye ukimwekea sinia, au bomba lenye sahani chini yake, atakuja. Sinia liwe na tundu za kupitisha maji, na ulipanguse theluji kila inapoanguka.

Kama kwezi wanamaliza shahamu yako, nunua kizimba kinachofunguka upande wa chini tu. Kigong'ota, chikadii na nathachi hula wakiwa wameinamisha kichwa chini bila shida. Kwezi inampa tabu.

Hatua ya 4: Jaza jioni, kisha uvumilie

Ndege hula zaidi mara mbili kwa siku: kunapopambazuka na saa ya mwisho kabla ya giza. Kwa hiyo hakikisha vilishio vya juu vimejaa kabla hujalala, ili mlaji wa kwanza asikute bomba tupu wakati wewe bado uko kwenye blanketi. Kile cha chini ni kinyume: nyunyiza asubuhi, kiasi kitakachoisha mchana. Kikilala nje kitaitisha panya na kulungu. Na hapa ujue kwamba baadhi ya kaunti za Minnesota zimepiga marufuku kulisha kulungu kwa sababu ya ugonjwa unaowadhoofisha mpaka kufa. Huko mbegu za ndege huruhusiwa zikiwa juu wasikofika. Ulizia kanuni za kaunti yako.

Mara nyingi chikadii ndiye wa kwanza kugundua. Huenda akaja siku ya pili, huenda zikapita wiki mbili. Usihamehame kilishio kwa kukosa subira. Akishafika yeye, wengine hufuata, kwani makundi ya majira ya baridi huchanganyika: chikadii mbele, nathachi na kigong'ota mdogo nyuma yao.

Mtazame anavyokula. Haketi kwenye kilishio kama chiriku anayeweza kukaa robo saa akitafuna. Anakuja, anachagua mbegu moja, mara nyingine anaitupa na kuchukua nyingine nzito zaidi, anaruka nayo hadi tawini. Hapo anaibana kwa vidole vya miguu yote miwili na kuigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke, halafu anarudi. Nyingine haili, anaichomeka kwenye ufa wa gome na kukumbuka alipoiweka.

Hatua ya 5: Maji

Watu wanadhani ndege atakunywa theluji. Anaweza kuila, lakini kuiyeyusha mwilini kunamla joto lile lile analolihitaji usiku. Maji ya wazi, kila kitu kinapokuwa kimeganda, yatakuletea hata ndege wasiokula mbegu.

Nunua beseni lenye hita na themostati ndani yake, au hita ndogo ya kutumbukiza kwenye beseni ulilonalo. Kina kiwe sentimita mbili na nusu hadi tano, si zaidi, na weka jiwe katikati la kusimamia. Beseni la udongo litapasuka. Tumia plastiki nene au chuma. Umeme utoke kwenye soketi ya nje yenye swichi ya kujikata maji yakiingia, na waya wa ekstensheni uwe ule wa matumizi ya nje. Usijaribu kamwe kutia chumvi, au dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Ni sumu.

Asiye na umeme nje atoe bakuli la maji ya uvuguvugu asubuhi na kuliingiza likiganda. Ndege watajifunza saa zako.

Hatua ya 6: Mahali pa kulala na kujificha

Mti wa Krismasi usiutupe Januari. Ulaze au uuchomeke kwenye rundo la theluji karibu na kilishio, una kichaka cha papo hapo kwa miezi mitatu. Matawi yaliyokatwa Oktoba yarundike kwenye kona: makubwa chini, madogo juu.

Visanduku vya kulala vipo pia. Tofauti na kisanduku cha kuzalia, tundu lake liko chini, ili joto linalopanda lisitoke, na ndani kuna vijiti vya kukamatia.

Kama nyumba ni yako na unapanga kukaa, panda mierezi ya huku na vichaka vya asili vinavyoshika matunda mpaka baridi. Hilo litalisha ndege zaidi ya mifuko yote utakayonunua, lakini linataka miaka.

Hatua ya 7: Kindi

Kindi wa mjini anaruka juu zaidi ya mita moja na nusu kutoka chini, na kando zaidi ya mita mbili kutoka kwenye mti. Nguzo, basi, iwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye mti, uzio, paa au kiti chochote. Kwenye nguzo funga kizuizi cha bati chenye umbo la bomba au koni, sehemu yake ya juu ikiwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Theluji ikirundikana chini ya nguzo, umbali huo unapungua, na kindi atagundua siku hiyo hiyo. Piga koleo.

Njia nyingine ni pilipili. Ndege hawausikii ukali wake, wakati kindi anausikia kama sisi tunavyousikia. Vipande vya shahamu vyenye pilipili vinauzwa, au changanya mwenyewe unapoyeyusha. Ila pilipili ya unga juu ya mbegu kavu nisingeitumia: upepo utairudisha machoni pako, na kwa ndege pia.

Mafuta ya kupaka nguzo usitumie. Yakishika manyoya ya ndege hayatoki, na manyoya yasiyotuna hayazuii baridi.

Hatua ya 8: Usafi

Kama huko tayari kuosha, usitundike. Nalisema hili bila kupindisha. Kilishio kinakusanya pamoja ndege ambao porini wangekula mbalimbali, na mmoja mgonjwa anaacha kinyesi pale pale wengine wanapoweka midomo. Majira ya baridi ya 2020 na 2021 salmonela iliua ndege wengi wa jamii ya chiriku katika majimbo mengi ya Marekani, na wakuu wa wanyamapori wakawaomba watu watoe vilishio kwa muda.

Kila wiki mbili, na mapema zaidi wageni wakiwa wengi, mwaga mbegu zilizobaki, sugua kwa sabuni na brashi ya chupa, kisha loweka dakika kumi kwenye maji yenye jiki: sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji. Suuza mpaka harufu iishe. Kausha kabisa ndani ya nyumba kabla ya kujaza, kwa sababu unyevu ukibaki mbegu zitashikana na kuota ukungu. Kuwa na bomba la akiba kunarahisisha: moja likioshwa, jingine linafanya kazi.

Ukimwona ndege ametuna, amesinzia mchana, haruki ukimkaribia, au macho yamevimba na kufungamana, toa vilishio vyote, osha, na ungoje wiki mbili. Ugonjwa wa macho wa chiriku wa nyumbani uligunduliwa mwaka 1994 mashariki ya Marekani na haujaondoka. Wafugaji wa kuku nao watenge: kilishio cha ndege wa porini kisiwe karibu na banda.

Hatua ya 9: Kioo, paka na kipanga

Makadirio yaliyochapishwa 2014 yanasema ndege kati ya milioni 365 na 988 hufa kila mwaka Marekani kwa kugonga majengo. Stika moja ya kipanga katikati ya dirisha haisaidii, ndege anaipita pembeni. Kinachofanya kazi ni vidoa au mistari upande wa nje wa kioo, kila baada ya sentimita tano. Hata sabuni kavu iliyochorwa kwa mkono inafaa.

Paka wako akae ndani. Wa jirani huwezi kumfunga, ila unaweza kuondoa mahali anapojibanza.

Kipanga wa Cooper atakuja, na atakula. Yeye pia ana usiku wa saa kumi na tano. Ukiona anashinda hapo, acha vilishio vitupu siku kadhaa, atahamia kwingine. Utajua amefika kwa sauti ya chikadii: mlio wao wa tahadhari huongezewa silabi za mwisho kadiri adui anavyokuwa wa hatari zaidi kwao. Halafu kimya, hakuna hata mmoja anayejitikisa.

Hatua ya 10: Wajue wageni

Kadinali dume ni mwekundu mwili mzima na uso mweusi. Jike ni wa hudhurungi mwenye mdomo wa chungwa. Huja kukiwa bado nusu giza, wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni. Junko ni kijivu juu na mweupe tumboni, huparura theluji chini ya kilishio. Nathachi hushuka shina la mti kichwa chini. Kigong'ota mdogo dume ana alama nyekundu kisogoni. Shomoro unaowaona kwa makundi ni wale wale wa mijini kwetu, walioletwa huku kutoka Ulaya katika karne ya 19. Wakizidi, punguza mileti.

Programu ya Merlin, inayotolewa bure na Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza sauti na kukutajia ndege, na ukienda likizo Nairobi au Arusha unaweza kupakua ndege wa huko. Februari kuna hesabu ya ndege wa uani ya siku nne, iliyoanza mwaka 1998. Dakika kumi na tano dirishani pamoja na watoto zinatosha kushiriki.

Ukisafiri, na msimu ukiisha

Wengi wetu huenda nyumbani Desemba, wiki nne au sita. Usijione umewaua ndege. Brittingham na Temple walirudi kulichunguza hilo pia, wakaona chikadii waliozoea vilishio, vilipoondolewa, hawakufa zaidi ya wale ambao hawajawahi kuviona. Sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa bado inatoka porini. Hata hivyo, kama una jirani mwema, mwachie ndoo ya alizeti na umwombe ajaze siku za baridi kali zaidi.

Shahamu iondoe joto la mchana likianza kuzidi nyuzi kumi. Ukiishi kaskazini kwenye dubu, vilishio vyote vishuke Aprili wanapoamka. Fagia maganda yote yaliyokuwa chini ya theluji, utashangaa wingi wake, na usiyatie kwenye bustani ya mboga. Alizeti iliyobaki itie kwenye pipa la bati lenye mfuniko mzito, mahali pakavu. Oktoba ifungue uinuse kabla ya kumpa ndege yeyote.